Schwab 1998: kwa nini walikubali kupoteza mamilioni ili bei iwe moja

Tarehe 15 Januari 1998 Charles Schwab, kampuni ya udalali wa hisa iliyokuwa na makao yake San Francisco, walitangaza kwamba kuanzia hapo mteja yeyote anayenunua au kuuza hisa kupitia intaneti atalipa dola 29.95 kwa oda ya hadi hisa 1,000. Haijalishi ni mteja wa miaka kumi au wa jana, haijalishi anapiga simu mara ngapi wala kama anapenda kwenda tawini kuuliza maswali. Ukiisoma haraka unaona ni promosheni ya bei tu, lakini ndani ya kampuni walikuwa wameshapiga hesabu na walijua bei hiyo itawaondolea mapato kama dola milioni 125 kwa mwaka, na hapo faida yao yote ya 1997 baada ya kodi ilikuwa kama milioni 270. Hakuna aliyewalazimisha, mwaka 1997 ulikuwa mzuri, wateja wanaongezeka, na bado wakaamua kujikatia mapato wenyewe.

Kisa hiki mara nyingi kinasimuliwa kama kisa cha intaneti, kwamba Schwab waliona mbali, wengine wakalala. Mi sikioni hivo. Wakati huo karibu kila dalali wa bei nafuu Marekani alishakuwa na tovuti, na wapo waliowatangulia, K. Aufhauser alianza kupokea oda kupitia mtandao tangu 1994. Kilichowafanya Schwab wawe tofauti ni vitu viwili ambavyo mteja hakuviona kabisa: mitambo ya nyuma waliyoijenga taratibu kwa karibu miaka ishirini, na namna walivyokuwa wanawalipa wafanyakazi wao. Bila hivyo viwili uamuzi wa Januari 1998 ungewaua.

Tuanzie mbali kidogo. Hadi Mei 1, 1975 kamisheni za hisa Marekani zilikuwa za kupangwa, madalali wote wanatoza kiwango kilekile, hakuna kushindana kwa bei. Siku hiyo SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa, ikaondoa utaratibu huo na Schwab wakajitosa kwenye udalali wa bei nafuu, yaani hatukushauri ununue nini, hatukupigii simu kukushawishi, tunapokea oda yako tunaitekeleza na tunakutoza kidogo. Ukishachagua njia hiyo faida yako inategemea kitu kimoja, kila oda ikugharimu kidogo iwezekanavyo kuishughulikia, na ndo maana mwaka 1979, kampuni ikiwa bado ndogo sana, wakaweka kama dola nusu milioni kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa BETA. Kwa ukubwa wao wa wakati ule hiyo ilikuwa kuweka kampuni nzima rehani. Lakini baada ya hapo oda ilikuwa inaingizwa kwenye kompyuta na mfanyakazi akiwa bado anaongea na mteja, badala ya kuandikwa kwenye karatasi inayopita mikono mingi na kupotea njiani. Walioshuhudia biashara ya hisa ya miaka ya sitini Marekani wanajua hizo karatasi zilizamisha madalali wangapi.

Baada ya BETA wakaendelea hivohivo. 1985 wakatoa programu ya Equalizer ya kufanyia biashara kwenye kompyuta ya nyumbani, 1989 TeleBroker, mteja anabonyeza namba za simu na oda inaingia bila kuongea na mtu, 1993 StreetSmart ya Windows. Hazikuwa zote na mafanikio makubwa, Equalizer hasa ilikuwa ya watu wachache waliopenda kompyuta, ila kila moja iliwafundisha jambo moja ambalo haliko kwenye brosha: oda inayoingizwa na mteja mwenyewe inatakiwa ifike kwenye kompyuta kuu, ikaguliwe kama hela ipo, ipelekwe sokoni, na jibu lirudi, bila mfanyakazi kuigusa popote.

Mshahara nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Dalali wa Merrill Lynch, kampuni kubwa ya udalali wa kizamani, alikuwa anakula asilimia ya kamisheni ya wateja wake, mteja ni kama mali yake. Mfanyakazi wa Schwab alikuwa analipwa mshahara na bonasi, na mteja ni wa kampuni. Kwahiyo siku Schwab wanashusha bei hakuna mfanyakazi anayeona hela yake inaondoka mfukoni moja kwa moja, wakati Merrill walikuwa na jeshi la madalali zaidi ya elfu kumi ambao kila mmoja angeona bei ya intaneti kama kuporwa.

Sasa tuje mwishoni mwa 1995. Dawn Lepore, aliyekuwa mkuu wa teknolojia, anampeleka mwanzilishi mwenyewe, Charles Schwab, kuona jaribio la timu ndogo ya wahandisi. Na hapa naomba msomaji aende polepole maana ndo kiini cha kisa upande wa IT. Jaribio lile halikuhusu tovuti. Wahandisi walikuwa wanahangaika na tatizo la kawaida la kampuni yenye historia, mifumo mingi ya miaka tofauti isiyoongea lugha moja, na walichokitengeneza ni programu ya kati inayokaa kati ya kompyuta mpya na zile za zamani na kuzitafsiria. Ili kuonyesha inafanya kazi wakaweka mfano mdogo wa mtu anayetuma oda kutoka kwenye kompyuta ya kawaida, oda ikapita kwenye seva, ikaenda kwenye kompyuta kuu, ikapita hatua zote, na jibu likarudi kwenye skrini. Kwa wahandisi ule mfano ulikuwa wa kuonyeshea tu, lakini Schwab alipouona akaona biashara nzima.

Ndo maana nasema tovuti haikuwa kitu. Kurasa za kujaza oda mtu yeyote angeweza kuzitengeneza kwa wiki kadhaa. Kuifanya oda ile ikutane na salio sahihi la mteja, na hisa zake sahihi, na kumbukumbu za kodi, na malipo ya hisa ambayo wakati ule yalichukua siku tatu za kazi kukamilika, kwa mamilioni ya akaunti bila kukosea, hiyo inahitaji mtambo wa nyuma wenye afya. Schwab walikuwa nao na sasa walikuwa wamepata mlango wa kuufikia.

Kilichofuata kilikuwa uamuzi wa mpangilio. Badala ya kuikabidhi kazi hii kwa idara zilizopo, wakaunda kitengo cha pembeni, e.Schwab, chenye watu wake na bajeti yake, kinachoripoti moja kwa moja kwa David Pottruck ambaye alikuwa rais wa kampuni. Kwa wakati ule nadhani walifanya sahihi kabisa. Idara kubwa zina bei ya kulinda na mapato ya mwaka ya kufikia, ukiwapa bidhaa inayotoza nusu ya bei wataitunza kwa mikono miwili hadi ife. Kitengo cha pembeni hakina cha kulinda. e.Schwab ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1996 walikuwa wamejiwekea lengo la akaunti 25,000 kwa mwaka mzima, wakazipata ndani ya wiki mbili.

Bei ikaanza dola 39 ikashuka hadi 29.95. Na lazima ishuke, maana upande wa pili kulikuwa na madalali wa mtandaoni wa bei ya chini, E*Trade walikuwa wanatoza 14.95 na mwaka 1997 Ameritrade wakaja na dola 8. Schwab hawakujaribu kuwa wa bei ya chini kuliko wote, na hiyo ni sehemu ya mkakati ambayo watu wanaipita haraka, walikaa juu ya wale wa bei ya chini na chini kabisa ya madalali wa kizamani, wakiamini mteja atalipa zaidi kidogo akijua kuna tawi na kuna mtu wa kupokea simu.

Lakini hapo ndo ishu ikaanza, kwa sababu mteja wa e.Schwab hakuwa na haki na huyo mtu wa simu. Masharti ya bei nafuu yalikuwa kwamba unahudumiwa kwa barua pepe, na simu ya bure ni moja tu kwa mwezi. Ukitaka huduma kamili unabaki mteja wa kawaida, unaweza kufanya biashara mtandaoni ndio, lakini kwa punguzo tu kwenye bei ya kawaida, na oda ya kawaida kwa wastani ilikuwa zaidi ya dola 60. Kwahiyo kampuni moja, oda ileile, inapita kwenye kompyuta kuu ileile, inaenda soko lilelile, halafu watu wawili wanalipa bei mbili tofauti na tofauti pekee ni kama una ruhusa ya kuuliza swali.

Jiweke kwenye nafasi ya mfanyakazi wa tawi. Anaingia mama amekuwa mteja kwa miaka mingi, ana akiba nzuri pale, anasema nimesikia kuna bei ya 29.95 mbona mimi natozwa mara mbili. Ukimwambia ukweli unampoteza kwenye tawi lako na anaenda mahali ambapo hutakiwi hata kumsaidia, usipomwambia unamdanganya mteja mzuri, na akiwa tayari ni wa e.Schwab akaja na swali unatakiwa umwambie samahani hatuwezi kukuhudumia, wakati amesimama mbele yako na jina la kampuni limeandikwa mlangoni. Wateja nao hawakuwa wajinga, wakafungua akaunti mbili, hela nyingi wakaweka moja na kule kwingine wakawa wanafanyia oda, na simu wanapiga kwa kutumia ile akaunti ya kawaida. Ukiwa mtu wa mifumo unaona mara moja nini kinatokea: picha ya mteja inapasuka vipande viwili, ripoti zinadanganya, kila kitengo kinajisifia ukuaji ambao nusu yake ni watu walewale wamehama chumba.

Na mbaya zaidi bei mbili zilikuwa zinawafundisha wateja kwamba msaada wa binadamu ni adhabu. Hilo ndilo mimi ningelihofia kuliko Ameritrade, kwa sababu kitu pekee ambacho Schwab walikuwa nacho na E*Trade hawana ni matawi zaidi ya 200 na watu wanaojua kazi. Sehemu kubwa ya akaunti mpya ilikuwa inafunguliwa tawini. Mtu anataka amkabidhi binadamu hundi yake ya kwanza, baada ya hapo mengine yote atayafanya kwenye kompyuta. Ukitenganisha hivyo vitu viwili unakuwa E*Trade ghali upande mmoja na dalali wa zamani asiye na washauri upande wa pili.

Wakawa na njia tatu hivi. Kuacha kama ilivyo, na hesabu za 1997 zingeendelea kupendeza kwa muda. Kuitoa e.Schwab iwe kampuni yake kabisa, na kwa homa ya hisa za intaneti ya wakati ule soko lingeishangilia. Au kuvunja ukuta, bei moja kwa wote. Pottruck na Schwab wakachagua ya tatu, na ile milioni 125 ilikuwa inajulikana kabla, ililetwa mezani na watu wao wenyewe. Walichokuwa wanabashiri ni kwamba bei ikishuka watu watafanya oda nyingi zaidi, wataleta akiba walizoweka kwingine, na gharama ya kila oda itashuka kwa sababu simu zitapungua. Pia kamisheni ilikuwa karibu nusu tu ya mapato yao, nusu nyingine ilitoka kwenye riba ya hela za wateja na ada za OneSource, lile soko lao la mifuko ya pamoja ya uwekezaji lililoanza 1992. Nadhani hapo ndo penye siri ya ujasiri wao, kampuni inayoishi kwa kamisheni peke yake isingethubutu.

Soko la hisa halikufurahi. Miezi iliyofuata hisa ya Schwab ilipoteza karibu theluthi moja ya thamani yake. Ni rahisi leo kuisoma hiyo kama sentensi moja, ila fikiria miezi ile ukiwa ndani, umeshusha bei, mapato kwa kila oda yameporomoka, oda za ziada bado hazijatosha kuziba, na kila asubuhi bei ya hisa inakwambia umekosea. Halafu wingi ukaja. Akaunti za mtandaoni zilikuwa milioni 1.2 mwisho wa 1997, mwisho wa 1998 zikawa milioni 2.2, mali za wateja zikapanda kutoka dola bilioni 354 hadi 491, na faida ikawa kama milioni 348. Desemba 1998 thamani ya Schwab sokoni ikaipita ya Merrill Lynch, zote zikiwa kwenye bilioni 25 na ushee. Lazima niseme wazi kwamba soko zima lilikuwa linapaa mwaka ule na siwezi kuupa uamuzi wa bei sifa zote. Lakini Merrill walipaa kwenye soko hilohilo, na mkuu wao wa biashara ya wateja binafsi, John Steffens, alikuwa ametumia 1998 kuonya hadharani kuwa biashara ya hisa ya kujifanyia mwenyewe mtandaoni ni hatari kwa maisha ya kifedha ya Wamarekani. Juni 1, 1999 Merrill wakatangaza oda za mtandaoni, na bei waliyoweka ni dola 29.95, ileile.

Hapa sasa nirudi kwenye mitambo, maana ushindi wa namna hii una bili yake. Ukishusha bei ili upate wingi, umeahidi kwamba wingi ukija mtambo utabeba, na oda za hisa haziji kwa utaratibu, zinakuja zote kwa pamoja siku watu wana hofu. Walishaonjeshwa mapema: Oktoba 27, 1997 Dow, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka pointi 554, kesho yake New York Stock Exchange ikapitisha hisa zaidi ya bilioni moja kwa siku kwa mara ya kwanza, na madalali wa mtandaoni wakalemewa, wateja wanabonyeza hawaingii. Februari 1999 E*Trade walikuwa na siku kadhaa za kukatikakatika, na mwezi huohuo Schwab wenyewe walizimika kwa zaidi ya saa moja soko likiwa wazi. Mteja ambaye ameshindwa kuuza hisa inayoshuka hakuulizi una matawi mangapi. Kwa hiyo uwezo wa mitambo lazima upangwe kwa siku mbaya kuliko zote, maana yake siku za kawaida sehemu kubwa ya kompyuta zako imekaa tu, unailipia. Katika uchambuzi wa mkakati hii huwekwa kwenye tanbihi ya IT, mi naona ni sehemu ya bei: 29.95 ina maana kama tu una uhakika oda zitaendelea kumiminika kujaza ule uwezo.

Na hazikuendelea. Nasdaq, soko lenye hisa nyingi za teknolojia, ilifika kileleni Machi 2000, kisha hadi Oktoba 2002 ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Watu wakaacha kufanya oda, gharama zikabaki. Schwab wakapunguza maelfu ya wafanyakazi, bei nazo, ajabu, zikawa zimeachwa juu kuliko washindani kwa muda mrefu mno, na Julai 2004 bodi ikamwondoa Pottruck, mwanzilishi akarudi kwenye usukani na kuanza tena kushusha kamisheni. Hii sehemu ya pili ya kisa haipendwi kusimuliwa lakini bila hiyo unadhani uamuzi wa 1998 ulikuwa dawa ya kudumu. Ulijibu swali la 1998, kwamba mteja mmoja asiwe na bei mbili. Swali la nani analipia mtambo siku oda zimekauka uliliacha palepale.

Jibu lake lilikuja taratibu kutoka kwenye ile nusu nyingine ya mapato. Kadiri kamisheni ilivyoshuka ndivyo riba ya hela za wateja zilizokaa bila kuwekezwa ilivyobeba kampuni, hadi Oktoba 1, 2019 wakatangaza kamisheni ya hisa za Marekani mtandaoni ni sifuri. TD Ameritrade, yaani ile Ameritrade ya dola 8 kwa jina jipya, waliotegemea kamisheni kuliko Schwab, hisa yao ikaanguka karibu robo siku hiyohiyo, na kabla Novemba haijaisha Schwab wakatangaza kuwanunua kwa takriban dola bilioni 26. Ukiangalia ni mchezo uleule waliowachezea Merrill, unashusha bei mahali ambapo mwenzio anaumia kuliko wewe.

Ila safari hii udhaifu umehamia kwenye hiyo riba. Benki kuu ya Marekani ilipopandisha riba 2022 na 2023, wateja wakaanza kuhamisha hela zao kutoka kwenye salio linalolipa kidogo kwenda mifuko ya soko la fedha inayolipa zaidi, na Machi 2023, benki za Marekani zilipoanza kuyumba, hisa ya Schwab ilipigwa vibaya. Kuhamisha huko kunachukua dakika chache tu kwenye skrini ya Schwab wenyewe, kwa sababu mfumo uliojengwa tangu 1995 ili mteja ajihudumie bila kumpigia mtu simu unafanya kazi vizuri kabisa.